Ng'ombe wa Kumzuia Nesi

Ng'ombe mwenye madoa aligoma kupanda Fuso. Vijana walimvuta, wakamtukana, wakachoka. Mwishowe Mzee Sairowua akamsukuma kwa bega lake mwenyewe huku roho ikimuuma, maana ndiye aliyempenda kuliko wote zizini.

"Nenda tu," alimwambia. "Unakwenda kutuokoa."

Lori likateremka kuelekea Rhotia, limejaa ng'ombe wa Kimasai wanaopelekwa kwa Wairaqw kwa hiari, tena mchana kweupe. Mababu wangeliona hilo wangezirai. Zama zao ng'ombe walisafiri usiku, wakitokea upande wa pili, na hakuna aliyedai risiti.

Lakini shida ilikuwa kubwa jamani. Nesi Brigita alitaka kuhamia Ulaya.

Kabla yake kijiji kilikuwa na zahanati nzuri sana: rangi mpya, sola, na kufuli mlangoni. Nesi wa kwanza aliomba likizo. Mpaka leo yuko likizo. Wa pili alikaa hadi siku alipoonana na fisi. Ni wakati ule wa kufuli ndipo Nailantei, binti wa Sairowua, alipojifungulia kwenye tela la trekta, na mtoto akafa kabla hawajaifikia lami. Tangu Brigita aje, hakuna mama kijijini aliyezika kichanga. Kwa hiyo mzee aliposikia kwamba nesi hupanda kilimani kutafuta mtandao ili aongee na hospitali ya Ulaya, aliogopa, wala hakuona aibu kulisema.

Akamfuata zahanati.

"Mama, ni kweli unatukimbia?"

"Bado, baba. Hawajanichukua."

"Na wakikuchukua?"

Brigita akacheka, akamfunga kipimo mkononi. "Tulia kwanza, baba. Presha inapanda."

Wazee wakakaa kikao. Mmoja alitaka waandike barua wilayani. Wakamkumbusha barua ya josho, ambayo majibu yake yanasubiriwa hadi leo. Tobiko, mwinjilisti, akapendekeza wafunge na kuomba ndege zisiruke. Wenye watoto wanaoongoza watalii wakaruka juu kumpinga: wageni nao watakuja na nini, punda?

Ndipo Sairowua, laigwanani, yaani kiongozi wa rika lake, akasimama na fimbo yake.

"Mnahangaika na ndege bure. Mtu asiye na mwenzake, leo yuko huku, kesho kule. Mpeni mume, muone kama atatangatanga tena."

Kikao kizima kikaguna kwa raha. Haya, mume nani? Sairowua akamtoa mwanawe, Lengai, dereva wa watalii pale Karatu, kijana mwenye meno mazuri na Kiingereza cha kutosha. Wazee walijiandaa kumbembeleza. Lakini Lengai aliinamisha kichwa, akasema kama ni kwa ajili ya jamii, yuko tayari kujitoa. Wengine walitokwa na machozi. Hakuna aliyejiuliza kwa nini miezi ile kijana mzima hivyo alikuwa akiumwa kichwa kila mara, akaziacha hospitali za Karatu na kuja kutibiwa kijijini.

Ndiyo maana ya lile Fuso.

Rhotia, Mzee Josephati, baba yake Brigita, aliwapokea kwa adabu, na kwa adabu hiyohiyo akawakamua.

"Binti yangu ni msomi," alisema. "Tena ana safari zake."

Kila alipotaja safari, Sairowua aliongeza ng'ombe. Kijiji kizima kilikuwa kimechanga; hata Nashilu, mjane, alimtoa mtamba wake wa pekee. Josephati alipoona wageni wameanza kufuta jasho, akalainika.

"Nina neno moja tu la mwisho. Wafunge ndoa kanisani, na cheti cha serikali kitoke upesi. Chenye muhuri."

Sairowua nusura acheke kwa sauti. Loo! Mwenye mbuzi ndiye huyo anayeleta kamba!

"Hata viwili," akajibu.

Siku ya harusi alikamata kipaza sauti na hakukiachia upesi. "Ulaya wana theluji," alitangaza, "sisi tuna akili!" Wanawake wakapiga vigelegele, Wairaqw na Wamasai pamoja. Brigita alimjia akilia, akamshika mikono yote miwili.

"Asante, baba. Hujui ulichonifanyia."

Mzee akajiambia kwamba hakika huyu ni mtoto mwenye shukrani. Tangu hapo presha yake ilishuka, akaanza kunenepa, na vijiji vya jirani vikawa vinatuma watu kuja kumuuliza mbinu. Hakuwa mchoyo. Alimweleza kila mmoja, hatua kwa hatua, na wakarudi kwao kuwahesabu vijana wasio na wake.

Masika yalipokwisha, maharusi wakaja bomani kuamkia. Brigita aliinamisha kichwa kama desturi inavyotaka, na mzee akamwekea kiganja utosini, uso wote tabasamu.

"Haya, mwanangu, nipe habari njema. Nimepata mjukuu?"

"Bado, baba. Tumekuja kuaga. Mimi na Lengai tunapanda ndege Alhamisi." Akamshika tena mikono yote miwili. "Mungu awalipe nyote. Hospitali ile ilikuwa imenikataa mara mbili. Walisema hawachukui nesi asiye na mume, eti hatulii."