Pipa la Mavuno Sita

Kobe wa ng'ambo, ambaye ukoo wake ulikamua zabibu tangu enzi za kale, aliingia ubia na Komba wa Dodoma. Kobe alileta pipa na ujuzi, Komba akatoa shamba. Kobe aliweka sharti moja tu, kwamba mvinyo usiguswe mpaka mavuno sita yapite. Kisha akarudi kwao, ambako hulala majira yote ya baridi na kupoteza hesabu ya miaka.

Siku moja Komba akatuma salamu kuwa mavuno sita yametimia. Kobe akajikokota mpaka shambani, akaonja, akafumba macho.

"Huu ndio mvinyo," alisema. "Mavuno sita unayasikia kwenye ulimi."

"Sita kamili, mzee wangu. Miaka mitatu nimekaa nikihesabu."

Kobe akafumbua macho. "Mavuno sita ni miaka sita."

"Huku kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka."

Kobe akahesabu kwa kucha za mbele, akarudia kwa za nyuma, hesabu ikamgomea. Akaonja tena, akakunja uso. "Bado mchanga huu. Unakwaruza koo."

"Ni uleule uliousifu sasa hivi."

"Ndiyo maana sielewi. Hebu niongeze, nihakikishe."

Komba akamwongeza. Jua lilipozama pipa lilikuwa kavu, na Kobe, ulimi ukiwa mzito, alikuwa angali akisisitiza kwamba mvinyo ule haujafikia umri wa kunywewa.