Kisanduku cha Anwani

Mfumo ulianguka tena Komeo akiwa na kipande cha mkate mdomoni. Skrini zote za ofisi zikazimika kwa mpigo, na kule chini ghalani madereva wakaanza kupiga honi, maana bila mfumo hakuna aliyejua mzigo upi uende kwa nani.

"Amerudi huyo mshenzi," alisema Komeo, akaumeza mkate bila kuutafuna.

Jina la Komeo alipewa na wenzake kwa sababu ndiye mlinzi wa mfumo ambao wateja hutumia kuagizia vitu vya nyumbani kwa simu. Alilipenda jina hilo kupita kiasi. Kwenye harusi ya dada yake aliwawekea ndugu wote, hata mama yake, programu ya kampuni kwenye simu zao, mmoja baada ya mwingine, huku akijisifu: "Kila herufi inayoandikwa humu inapita mikononi mwangu!" Sasa kulikuwa na mtu anayempita hivi hivi, na yeye hata kivuli chake hakukijua.

Tatizo lenyewe lilijulikana. Mfumo ulinunuliwa kwa watu wa mbali, nao walikitengea kisanduku cha anwani nafasi finyu ndani ya mashine, ya kutosha namba ya nyumba na jina la barabara. Ukiandika marefu zaidi, ziada haikatwi. Inamwagika pembeni, kama maji ya ndoo yaliyomiminwa kwenye kikombe. Kwanza inaifuta namba ya simu ya mteja, usijue nani ameandika. Ikizidi, inalowesha maagizo yanayoiendesha mashine yenyewe, na hapo mfumo unalala chali, na maandishi yote yanapotea nao. Wauzaji waliahidi kuleta kiraka cha kuziba kasoro hiyo. Mpaka leo wanaahidi.

Bosi, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alikuwa amemkodi mtaalamu wa usalama, bwana mwembamba mwenye viatu visivyotoa sauti.

"Huyu si mtu wa kubahatisha," alisema mtaalamu. "Kila mara anaagiza kipande kimoja cha sabuni. Alianza na anwani fupi, zikapita, akapelekewa sabuni zake kama wateja wengine, hata sasa hatujui ni yupi kati yao. Sasa kila akirudi anaandika marefu kuliko mwanzo. Anaupima ukuta. Akishapata urefu anaoutaka, ataingia ndani na kuondoka na siri za wateja wote."

Komeo alikuwa akiandika kila neno kwenye karatasi.

"Na kuna jingine," mtaalamu aliendelea bila kumtazama. "Kila mfumo ukianguka, muda mfupi kabla yake huyu bwana anakuwa kwenye korido, anaongea na simu."

Bosi akavua miwani.

"Mambo ya nyumbani tu, bosi," alisema Komeo, na yeye mwenyewe akasikia jinsi sauti yake ilivyotoka kama ya mwongo.

"Mpaka jioni nataka mtu," bosi alisema. "Nikimkosa wa nje, nitamchukua wa ndani."

Komeo aliogopa, tena waziwazi. Kazi inatafutwa, lakini ukishaitwa mwizi wa mfumo, nani atakupa hata funguo za banda la kuku? Akaketi, akatengeneza chujio la kuwekwa mlangoni: lolote refu lizuiwe kabla halijaifikia mashine, libaki nje zima zima, pamoja na namba ya simu ya mwenyewe. Akawa anakosea na kurudia. Alipomaliza, shati lilikuwa limemganda mgongoni.

Simu ikatetema. Alikuwa mama yake. Angeiacha, lakini mama akikosa kupokelewa hupiga mpaka betri iishe. Akatoka kwenye korido, macho ya mtaalamu yakimsindikiza.

"Shikamoo, Mama. Niko kazini."

"Marahaba, baba. Umeyaona?"

"Nimeyaona, nimeyaona." Hakujua anaulizwa nini. Pengine ni picha za mjukuu, pengine ni yale mawaidha anayowatumia watu wote. Siku zote ndivyo alivyomjibu, ili mazungumzo yawe mafupi.

"Sasa mbona huji?"

"Kazi, Mama. Kuna mwizi anatusumbua. Tutaongea wiki ijayo."

"Mh. Basi labda sikueleza vizuri," alisema mama, akakata.

Komeo alirudi kwenye kiti, akakodolea skrini macho. Aliinuka, akaketi, akainuka tena. Chai ikapoa mbele yake. Ghafla kengele ya chujio ikalia.

"Tumemnasa!" Aliruka juu kama mtoto. Honi za madereva hazikusikika. Mfumo ulikuwa wima. Bosi akaja mbio, mtaalamu nyuma yake.

"Soma," aliamuru bosi. "Kwa sauti, wote tusikie."

Komeo akasoma kwa kifua mbele. "'Ukishuka kituoni usiulize watu, watakupoteza. Fuata ukuta wa kiwanda cha matofali mpaka uishe. Utaiona mashine ya kusaga, ipite. Kuna fundi viatu hapo, msalimie, ananijua. Njia ya kushoto ina tope, utachafua suruali, shika ya kulia. Mbwa asikutishe, anabweka tu. Mlango wa kijani…'"

Akaitazama simu yake.

"Endelea," alisema bosi.

Mtaalamu akamsogeza Komeo kwa bega, akamalizia mwenyewe kwa sauti kavu:

"'Dereva, sabuni zimenitosha, usilete nyingine. Haya mfikishie mwanangu anayelinda huo mtambo wenu. Kila nikimuuliza anasema ameyaona, na tangu nihamie huku hajawahi kubisha hodi.'"