Pikipiki Isiyo na Pa Kulala

Kibao cha zamu ya kufagia theluji kilining'inia kwenye kitasa cha Bi. Pohl, na theluji ilishafika kwenye vifundo vya miguu. Detlef Krahl alipita mlangoni pake akipiga mluzi, mikono mfukoni. Koleo aliliacha palepale ukutani.

Kwa miaka sita zamu za Bi. Pohl alizifanya yeye, bila kuombwa, maana bibi ana miaka themanini na moja na anatembelea fimbo. Mwaka huu alikataa katakata. Kama mikono ya kuandika Hapana anayo, alisema, basi na ya kufagia anayo.

Ugomvi ulianza Oktoba. Pikipiki ya Detlef ina namba za msimu, Aprili hadi Oktoba. Novemba ikiingia, hairuhusiwi kusimama barabarani hata ikifunikwa, na gereji hana. Ni ya aina ya MZ, aliyoachiwa na marehemu baba yake, ina miaka arobaini, na msimu mmoja mbaya wa baridi ungetosha kuimaliza. Kwa hiyo akaomba kona ya ua wa nyuma, karibu na mapipa ya taka. Kanuni za jengo zinataka wapangaji wote wakubali. Nyumba sita zilipewa karatasi sita zisizo na jina. Ya nyumba yake aliijaza mkewe, kwa sababu Detlef ni dereva wa tramu na siku hiyo alikuwa kazini.

Bwana Seidler, msimamizi wa jengo, alifungua sanduku la kura akahesabu. Ndiyo tano, Hapana moja.

"Nani huyo?" Detlef aliuliza.

"Kura ni siri, Bwana Krahl. Hata ningejua nisingekwambia."

"Siri gani? Hapa kuna mtu asiyemjua?"

Na kweli kila mtu alimjua. Bi. Pohl ndiye aliyelalamikia baiskeli, kigari cha mtoto, harufu ya vitunguu, hata mlio wa viatu kwenye ngazi. Mwenye sifa mbaya hahitaji shahidi. Bibi mwenyewe aliapa kwamba aliandika Ndiyo.

"Baba yako aliwahi kunipakia kwenye hiyo hiyo," alisema. "Mimi niinyime pa kulala?"

Detlef alimcheka usoni.

MZ ikapelekwa kwenye bustani ya shemeji yake, ng'ambo ya reli. Yote yanayotakiwa aliyafanya: tangi alilijaza pomoni lisishike kutu ndani, ekzosi akaiziba kwa tambara panya wasihamie, magurudumu akayapandisha juu ya mbao, betri akaja nayo nyumbani kwenye joto. Lakini bustani ile ni tope tupu. Kila Jumapili alifunua turubai akakuta chuma kinatoka jasho na kutu imepata mahali papya. Alirudi nyumbani amenuna kama mfiwa.

"Iuze basi," mkewe Annegret alimwambia, akiisogeza betri apate pa kukatia viazi. "Iuze tupumzike."

"Niuze kumbukumbu ya baba yangu kwa ajili ya kibibi kimoja?"

"Muache bibi wa watu, Detlef. Una hakika gani?"

"Ninayo. Wewe una huruma za bure tu."

Annegret aliendelea kukata viazi. Mwaka juzi, baada ya ajali ya pikipiki hiyo, alikaa wiki tatu kwenye kiti cha hospitali, mguu wa mumewe ukiunganishwa kwa vyuma. Detlef alipozinduka, swali lake la kwanza lilikuwa kama usukani umepinda.

Basi theluji ikabaki. Asubuhi ya pili Bi. Pohl alitoka na ufagio, akateleza kwenye ngazi ya nje, akavunjika nyonga. Gari la wagonjwa lilipoondoka, Annegret alilia kuliko jirani yeyote, na tangu siku hiyo alikwenda kumwona kila siku. Detlef aliona haya kidogo, kisha haya ikamtoka. Amevuna alichopanda, alijiambia.

Habari ilipokuja kwamba bibi hatarudi, anapelekwa nyumba ya wazee, Detlef alimfuata Bwana Seidler kabla hata samani hazijatolewa.

"Turudie kura. Sasa tumebaki nyumba tano, na baridi yenyewe bado haijaisha."

"Kitanda cha mwenzio hakijapoa, Bwana Krahl."

"Kutu nayo haisubiri."

Safari hii hakutaka mchezo. Alibisha mlango mmoja mmoja, akagawa karatasi, akasimama palepale mpaka kila jirani alipoandika Ndiyo mbele ya macho yake. Ndiyo nne alizitumbukiza sandukuni kwa mkono wake. Ya tano alimwachia Annegret mezani, akakimbilia bustanini kuifuta MZ na kuipaka mafuta, tayari kuileta nyumbani. Tangu Oktoba hakuwahi kuwa na furaha kama hiyo.

Jioni wapangaji walikutana chini ya ngazi. Bwana Seidler alifungua sanduku akasoma kwa sauti. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Akaikunjua ya mwisho, akavua miwani, akaivaa tena, kisha akampa Detlef aisome mwenyewe.

Iliandikwa Hapana, na safari hii mwandishi alikuwa ametia sahihi: Annegret Krahl.