Sauti Kwenye Bomba

"Usilale, mwanangu," sauti ilisema kupitia bomba la maji. "Nisemeshe."

Mama Pacha alifumbua macho. Giza lilikuwa lilelile. Jengo la kiwanda lilikuwa limemporomokea akiwa kwenye cherehani, na meza ya kukatia mashati ilimbana mguu hata asiweze kugeuka. Hakujua ni siku ya pili au ya tatu. Wenzake aliowasikia wakilia walikuwa wamenyamaza mmoja mmoja. Ilibaki sauti hii tu, ya mwanamke mtu mzima aliyetaka aitwe Shangazi.

"Uko wapi, Shangazi?"

"Nipo nje na waokoaji. Wanachimba polepole, wasije wakakuangushia zege."

"Pacha wangu wapo hapo?"

"Wapo. Mmoja amelala mapajani kwangu. Mwingine mtundu, hatulii."

Mama Pacha alicheka, vumbi likampalia. Ndivyo walivyo hasa.

"Sasa gonga bomba. Wanataka kujua uko upande gani."

Aligonga kwa mkasi mpaka mkono ukafa ganzi. Akasema amechoka, bora alale tu, liwalo na liwe. Shangazi hakumkemea. Alimuuliza pacha yupi alitangulia kuzaliwa, yupi hulia akinyolewa, yupi anafanana naye. Kila alipojibu, Shangazi alisema, "Haya, gonga tena kidogo."

Akagonga. Akasinzia, akaamshwa, akagonga.

Hatimaye zege lilipasuka, mwanga ukamchoma macho, mikono ya watu ikamvuta juu. Mdogo wake alikuwa amesimama kando ya machela, macho yamemvimba kwa kulia.

"Wanangu wako wapi?"

"Wako kwa bibi yao, dada. Hapa hatujawaleta hata siku moja."

Mama Pacha alimgeukia mwokoaji. "Na yule mama aliyekuwa akiniongelesha? Shangazi?"

Mwokoaji akatikisa kichwa. "Hakuna aliyekuongelesha, mama. Tulijua umekufa, mpaka asubuhi hii tuliposikia bomba linagongwa."

Akakataa kupakiwa kwenye gari. Aliwashika waokoaji mashati mpaka wakairudisha machela kwenye lile shimo. Akainama, akaweka mdomo kwenye bomba.

"Shangazi?"

Akaligonga kwa kidole. Kisha, kutoka chini kabisa:

"Umeshatoka, mwanangu? Haya. Sasa waambie na mimi nipo huku."