Siku Arubaini Tanurini

"Mimi nisahau kitu? Labda mnizike kwanza," alijigamba Makini, jina alilojibandika mwenyewe, akichungulia tanuri la maabara.

Mle ndani kihisi cha gesi, kipande cha silikoni kinachonusa gesi, kisichozidi punje ya mtama, kilikuwa kimeokwa siku arubaini mfululizo kupima kama kitastahimili joto. Kikiwa hai, kingefungwa kwenye bomba la moshi kiwandani kwa kaka yake, ambaye gesi ilikwisha kumwangusha mara mbili.

"Haya, kipe gesi," alisema mhandisi, mama asiyecheka ovyo.

Makini akabonyeza kitufe. Mstari kwenye skrini ukabaki umelala chali.

Dakika ikapita. Mhandisi akavua miwani. "Kimekufa, mwanangu. Moto umekishinda."

Makini akainamisha macho. Koki ya mtungi wa gesi ilikuwa imefungwa, na kitambaa chake cha mikono kimening'inia juu yake. Akakohoa kwa kelele, akajifanya ananyoosha mgongo, akaizungusha; kitambaa kikaanguka sakafuni.

Mstari ukapanda kama mbuzi aliyeona jani.

"Si niliwaambia? Kina roho ya paka hicho."

Mhandisi hakugeuka. Alikuwa anatazama kioo cha tanuri, kilichomwonyesha Makini mzima mzima, mkono ungali kwenye koki. Mabega ya mama huyo yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Makini baba, okota kitambaa chako."