Alhamisi ya Wageni

Mambo yaliharibika Alhamisi ile wageni wakubwa walipotembelea kituo cha utafiti kule kilimani. Siku hiyo maji ya bwawa la kupozea mitambo yalifunguliwa mtoni bila king'ora kulia, yakamkuta Mashavu, mke wa Chambuso, anafua, yakamchukua.

Arobaini ilipopita, Injinia Kulthumu, msimamizi wa mazingira kituoni, akaja kwa mgane.

"Umekuja kupima maji tena?" Chambuso akamuuliza. "Pima, mwanangu. Yameshiba."

Injinia akakaa mkekani bila kukaribishwa. "Baba, kidole changu kilikuwa kwenye kitufe cha king'ora. Wakubwa wa kituo wakapiga simu, mgeni rasmi anahutubia, usitupigie kelele, fungua tu. Nikafungua."

Miaka yote wanawake walipokisikia king'ora walibeba ndoo zao wakapanda juu. Leo wakubwa wanatangaza kwamba marehemu alikisikia, akakipuuza kwa ajili ya nguo zake.

"Kumwua mmemwua," Chambuso akasema. "Na ukaidi mnamsingizia huko huko kaburini?"

"Najuta, baba."

"Majuto ya kwenye mkeka yanamsaidia nani?" Akamsogezea kikombe cha chai ya maziwa. "Kesho wanakutana na wananchi uwanjani. Utasimama uyaseme haya, au utakaa nao kwenye viti vyao vya sponji?"

Kulthumu alikishika kikombe kwa mikono miwili, asinywe, mpaka maziwa yakafanya utando juu.

"Utasimama, mwanangu?"