Siwatu Atafuta Mama

Zamani, kila ndege alipokuwa akilea akitaka na kuacha akichoka, Kanga aliwaacha vifaranga wake kwenye majani yenye umande akafuata wenzake malishoni. Hakugeuka nyuma. Binti yake mkubwa, Siwatu, akawachukua wadogo zake wawili, wakaenda kutafuta mama mwingine.

Wakafika kwa Kuku.

"Shikamoo, mama. Tunaomba nafasi chini ya bawa lako."

"Marahaba. Msimu uliopita niliwekewa mayai ya kanga, nikayatamia," akasema Kuku. "Watoto walipoota mbawa wakaingia porini, hata kuniaga hawakuniaga. Nimechoka, mwanangu."

Wakaenda kwa Bata.

"Mnajua kuogelea?" akauliza Bata.

"Hatujui."

"Basi mtanichelewesha."

Mvua ikaanza. Siwatu hakuwa na nguvu hata ya kulia. Akajikunyata chini ya kichaka, akakunjua vibawa vyake vifupi.

"Ingieni humu kwanza," akawaambia wadogo zake. "Mvua ikikatika tutaendelea kumtafuta mama."

Wakaingia, wakapata joto, wakasinzia.

Mvua ikiwa bado inanyesha, kifaranga wa kware, mpweke na amelowa chepechepe, akachungulia kichakani.

"Shikamoo, mama," akasema. "Nafasi ipo?"

Siwatu akageuka kuangalia ni mama gani anayeamkiwa. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Akainua bawa.

"Marahaba," akasema. "Ingia polepole, mwanangu. Wenzako wamelala."